Fimbo Moja, Rili Moja: Kuchagua Vifaa vya Safari vya Kuvulia Samaki wa Maji Baridi

Anayevua karibu na kwake anaweza kuweka fimbo nne ukutani, kila moja na kazi yake. Msafiri hana anasa hiyo. Begi ni moja, siku ni chache, na mto anaoufuata huenda hajawahi kuuona hata kwa picha. Kwa hiyo wengi hukimbilia fimbo ndogo kabisa inayojikunja kama antena ya redio, wakafurahia jinsi inavyoingia mfukoni, kisha wakajuta siku samaki wa kwanza mwenye nguvu anapoishika ndoano.

Msimamo wangu ni huu: fimbo ya safari iwe ya katikati, rili (kifaa kinachokunja uzi) iwe na breki nzuri, na kazi ya kubadilika iachiwe uzi. Ukiwa kando ya ziwa huwezi kuigeuza fimbo yako iwe nyingine. Spuli, yaani kibiringo cha rili kinachobeba uzi, na kipande cha uzi kinachoshika ndoano, unavibadilisha kwa dakika chache. Ukilishika hilo, maamuzi mengi ya dukani yanakuwa mepesi.

Hatua ya 1: Anza na samaki na uzito wa chambo

Usianze kwa kuangalia fimbo. Kaa chini uandike samaki unaotarajia kukutana nao, halafu uwagawe kwa ukubwa. Kuna wale wa gramu mia chache hadi kilo moja: sato, perege, trauti wa vijito. Kuna wa kilo moja hadi tano hivi: besi, kambare wa kawaida, trauti wa maziwa, sangara wadogo, na paiki wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Halafu kuna majitu: sangara mkubwa, ambaye anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa karibu kilo 200, arapaima wa Amazon, Hydrocynus goliath, samaki wa meno makali wa mto Kongo.

Fimbo moja ya safari inahudumia makundi mawili ya kwanza vizuri. Kundi la tatu liondoe kwenye hesabu mapema. Ukijaribu kununua fimbo itakayomtoa sangara wa kilo 40, umejinyima raha ya kumvua sato, maana fimbo hiyo haitaweza hata kurusha chambo chake. Kama safari nzima ni ya kuwatafuta hao wakubwa, nunua fimbo nzito ya kazi hiyo, au wavue kwa vifaa vya mwenye mashua anayeyajua maji hayo.

Baada ya samaki, angalia uzito wa chambo. Hiki ndicho kipimo kinachoamua kuliko vyote, na ndicho wanunuzi wengi hukiruka. Vijiko vidogo vinavyozunguka huwa na gramu 3 hadi 10. Vijiko vya bati, vile vinavyoyumba vikivutwa, mara nyingi ni gramu 7 hadi 15. Chambo laini cha mpira kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi ni gramu 5 hadi 15. Ndoano yenye mnyoo, boya dogo na chubwi, ukivijumlisha, navyo huangukia humo humo. Basi fimbo iliyoandikwa kuwa inarusha gramu 5 hadi 20 inabeba karibu kila kitu utakachohitaji.

Fimbo zinazouzwa Marekani huandikwa kwa aunsi. Aunsi moja ni gramu 28.35, kwa hiyo ukiona 1/4 soma gramu 7, na 5/8 soma kama gramu 18. Nguvu ya uzi nayo huandikwa kwa ratili, na ratili moja ni kilo 0.45. Jua pia kwamba fimbo hufanya kazi vizuri zaidi katikati ya kipimo chake kuliko kwenye ncha zake. Fimbo ya gramu 5–20 itarusha gramu 5 kwa shida kidogo, na kwa gramu 20 itahitaji mrusho wa taratibu. Kwenye gramu 8 hadi 15 ndipo inapokuwa nyumbani.

Hatua ya 2: Urefu na idadi ya vipande

Kwa kazi ya kila mahali, tafuta fimbo ya mita 2.0 hadi 2.15, yaani futi 6 na nusu hadi 7. Fupi kuliko hapo inapendeza kwenye kijito chenye vichaka au kwenye mtumbwi, lakini ukisimama ukingoni mwa ziwa hutafika mbali, na utashindwa kuinua uzi juu ya majani ya maji. Ndefu zaidi ni nzuri kwa boya, ila inachosha ukirusha chambo bandia kutwa nzima, na inapandisha idadi ya vipande.

Hesabu ya vipande ni rahisi. Mita 2.1 ikigawanywa mara nne ni sentimita 52.5, lakini kila kipande huingia kidogo ndani ya mwenzake, kwa hiyo ikifungwa utapata karibu sentimita 55 hadi 57. Vipande vitano vinakushusha kwenye sentimita 45 au zaidi kidogo. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la mkononi la karibu sentimita 55 kwa urefu na 40 kwa upana. Begi kama hilo likipimwa kutoka pembe hadi pembe lina sentimita 68 kwa nje, kwa hiyo fimbo ya vipande vinne inaweza kulala kimshazari ndani yake. Pima na mkebe wake, si fimbo peke yake. Mkebe mgumu huongeza sentimita kadhaa, na ni hizo zinazozuia begi kufungwa.

Swali linalokuja kila mara ni kama ununue fimbo ya kuunga, ambayo vipande vyake huchomekwa kimoja kwenye kingine, au ile ya kuvuta, inayotoka na kurudi ndani kama antena. Mimi nasema ya kuunga, bila kusita sana. Fimbo ya kuvuta ina pete chache za kupitishia uzi, nyingi zikiwa juu ya maungio, na kwa hiyo uzi haufuati mpindo wa fimbo vizuri. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya vipande, inakwaruza kuta nyembamba za kaboni kila unapovuta na kufunga. Na kipande cha ncha, ambacho ndicho chepesi kuliko vyote, hutoka na kurudi kila siku. Faida yake ni moja tu, nayo ni ya kweli: inafunguka haraka ikiwa na uzi wake tayari kwenye pete. Kwa mtu anayesafiri kwa kazi na anataka kuiba nusu saa jioni, hilo linaweza kutosha. Kwa mtu anayesafiri ili avue, halitoshi.

Fimbo za kuunga za vipande vinne zilikuwa na sifa mbaya zamani, kwa kuwa maungio yalikuwa mazito na kuifanya fimbo ipinde kama imevunjwavunjwa. Za leo ni tofauti. Fimbo nzuri ya vipande vinne ukiishika gizani, si rahisi kuitofautisha na ya vipande viwili.

Hatua ya 3: Nguvu na mpindo

Juu ya mpini utakuta herufi. Herufi za nguvu zinaeleza fimbo inahitaji mzigo kiasi gani ndipo ipinde: UL ni nyepesi kabisa, L nyepesi, ML kati ya nyepesi na ya wastani, M ya wastani, MH na H ni nzito. Herufi za mpindo zinaeleza inapinda wapi: F hupinda zaidi karibu na ncha, MF huanza chini kidogo, na ile ya taratibu hupinda hadi karibu na mkono.

Chagua ML, au M iliyo laini, yenye mpindo wa F au MF. Ikiwa orodha yako ina trauti na sato wengi, elekea ML. Ikiwa ina besi, kambare na paiki, elekea M. Mpindo wa MF naupenda zaidi kwa safari kwa sababu unasamehe mengi: unarusha vyambo vya uzito tofauti bila ugomvi, na samaki akiruka juu ya maji fimbo inafuata badala ya kumpokonya ndoano mdomoni. F hasa inafaa ukivua kwa chambo cha mpira kinachogusa chini, pale unapotaka kuusikia mguso mdogo.

Herufi hizi hazina kipimo cha pamoja. ML ya kampuni moja inaweza kuwa M ya kampuni nyingine. Ndiyo maana nimesisitiza gramu: herufi zikikuchanganya, rudi kwenye gramu na ratili zilizoandikwa pembeni.

Hatua ya 4: Ikague fimbo mkononi

Usidanganywe na maneno ya kaboni. IM6, IM7 na IM8 ni majina ya biashara ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hexcel. Si daraja za ubora ambazo kila mtengenezaji lazima azifuate. Kaboni ngumu sana huifanya fimbo iwe nyepesi na yenye hisia kali, lakini pia hufanya kuta zake ziwe nyembamba na zisizopenda kugongwa. Fimbo ya safari itagongwa. Itaanguka kwenye mawe, itasukumwa chini ya kiti cha basi, itakanyagwa na mtu asiyejua ni nini. Kaboni ya ugumu wa kati, au iliyochanganywa na faibaglasi kidogo, itakuvumilia zaidi.

Iunge fimbo yote dukani. Kama muuzaji hataki, nenda kwingine. Kisha fanya haya:

- Itazame kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi ncha. Vipande vikae kwenye mstari mmoja, na pete zote zifuatane.
- Angalia maungio. Yale mazuri yanaingia taratibu na kukaza kabla hayajafika mwisho, na hubaki na nafasi ndogo inayoonekana. Nafasi hiyo ni akiba, maana maungio huchakaa. Kipande kikiingia hadi mwisho na bado kinacheza, iache fimbo hiyo.
- Itikise kidogo. Ukisikia mlio wa kugongana, ni maungio au pete iliyolegea.
- Mwambie mtu ashike ncha ya uzi uliopitishwa kwenye pete, naye avute taratibu. Mpindo uwe mmoja, usio na sehemu iliyonyooka kwenye kila ungio. Hapa ndipo fimbo mbovu hujisema yenyewe.
- Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, kuna ufa au kikwaruzo kitakachoukata uzi wako.

Pete ziwe na duara la kauri ndani, hasa kwa kuwa nitakushauri uzi wa kusuka. Mpini uwe wa koki au wa sponji ngumu, upendavyo wewe. Mimi sioni sababu ya kubishana juu ya hilo. La maana ni kishikio cha rili: skrubu yake iikaze rili isisogee hata kidogo.

Utakutana pia na fimbo zinazodai kuwa mbili kwa moja, ambazo mpini wake hugeuzwa ili fimbo ile ile itumike kwa nzi bandia na kwa chambo cha kawaida. Wazo ni zuri. Lakini fimbo ya nzi hurusha uzito wa uzi wenyewe, na fimbo ya kawaida hurusha uzito wa chambo. Mpindo unaozihudumia kazi hizo si mmoja. Ukiipenda kazi ya nzi, ibebee fimbo yake.

Hatua ya 5: Rili, na hasa breki yake

Kuna rili za aina kadhaa, lakini kwa safari ya kuvua kila kitu chagua rili ya spuli isiyozunguka, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Inarusha chambo chepesi bila kukwama, mkono wake unahamishika kushoto au kulia, na mgeni anaweza kujifunza kuitumia asubuhi moja. Rili ya spuli inayozunguka, inayokaa juu ya fimbo, ina nguvu na usahihi, ila ikipewa chambo cha gramu 5 uzi hujisokota kwenye spuli ukabaki unafungua mafundo wakati samaki wanaruka.

Ukubwa unaofaa ni 2500. Hii ni namba inayotumiwa na Shimano, Daiwa, Penn na wengineo. Kampuni nyingine huandika 25 au 30 kwa rili ya ukubwa unaokaribiana na huo. Namba hizi pia si kipimo cha pamoja, na hata ndani ya kampuni moja herufi hubadilisha maana. Kwa Shimano, kwa mfano, C3000 ni mwili wa 2500 uliopewa spuli ya 3000, na herufi S baada ya namba ina maana spuli yake ni ya kina kifupi, ya uzi mwembamba. Rili ya 2500 huwa na gramu 200 hadi 280 hivi. Ifunge kwenye fimbo uliyoichagua, weka kidole chini ya mpini mbele kidogo ya mguu wa rili, uone kama fimbo inatulia. Ikiangukia mbele sana, kifundo cha mkono wako kitalipa.

Uwiano wa gia wa 5.0 hadi 5.3 kwa 1 ndio unaofaa kazi nyingi: ukizungusha mkono mara moja, kichwa cha rili huzunguka mara tano na kidogo, na uzi wa sentimita 70 hadi 75 unaingia. Wa 6 kwa 1 na zaidi huingiza uzi haraka, jambo zuri kwa besi, lakini huvuta kwa nguvu ndogo zaidi na hukufanya uvute kijiko kwa kasi kuliko unavyodhani. Msafiri asiyejua atavua nini abaki kwenye gia ya kati.

Sasa breki. Kama una fedha ya ziada ya kuweka sehemu moja tu, iweke hapa. Uzi mwembamba unaweza kumchosha samaki mzito kuliko nguvu yake, mradi breki iachie uzi bila kushtuka. Samaki anapokimbia ghafla, breki mbovu hung'ang'ania nukta moja kabla ya kuachia, na ni nukta hiyo inayokata uzi au kunyoosha ndoano. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kilo 9 au 10, haikuhusu. Kwa uzi utakaotumia hutahitaji hata nusu yake. Ijaribu hivi: legeza kitasa cha breki, vuta uzi kwa mkono taratibu sana, halafu kwa ghafla. Kaza robo ya mzunguko, rudia. Kila mara uzi uanze kutoka kwa ulaini ule ule. Breki iliyo mbele ya spuli mara nyingi ina diski kubwa na ni imara kuliko ile ya nyuma ya rili, hivyo ichague hiyo.

Baada ya breki, angalia kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi kwenye waya unaofunguka. Lazima kizunguke chenyewe chini ya uzi. Kikikwama, uzi husokotwa na kukwaruzwa kila unapovuta. Shika mkono wa rili uutikise: mchezo mdogo hauna neno, ila ukiyumba kama jino bovu, gia zake hazitadumu. Mkono unaoingia kwa skrubu moja kwa moja kwenye gia hukaa imara kuliko ule unaopita kwa pini, na unatoka wote, jambo linalosaidia wakati wa kufunga begi. Idadi ya beringi isikushangaze. Nne au tano nzuri zinashinda kumi za kubahatisha.

Kabla ya kulipa, uliza kama spuli ya pili inapatikana. Rili ambayo spuli yake ya ziada haiuzwi popote inapoteza nusu ya thamani yake kwa msafiri, na hatua inayofuata itaonyesha kwa nini.

Hatua ya 6: Spuli mbili, nyuzi mbili

Hapa ndipo fimbo moja inapogeuka kuwa kadhaa.

Spuli ya kwanza ijaze uzi wa kusuka wa ratili 10, yaani kilo 4.5. Uzi huu ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ile ile. Nailoni ya ratili 10 ina unene wa karibu milimita 0.28, na wa kusuka uko mbali chini ya hapo. Wembamba huo unarusha mbali na kukupa uzi mrefu kwenye spuli ndogo. Pia karibu haunyumbuliki, hivyo unausikia mguso wa samaki kutoka mbali. Una udhaifu wake: unaonekana majini, unakatika upesi ukisuguana na jiwe, na utakukata vidole ukiuzungusha mkononi kunasua chambo. Zungushia kwenye kijiti.

Uzi wa kusuka hushindwa kushika kwenye spuli laini, ukazunguka wote kama pete. Funga kwanza mita kadhaa za nailoni chini yake, au bandika kipande kidogo cha utepe juu ya fundo. Acha milimita 2 au 3 kabla ya ukingo wa spuli. Ukijaza kupita hapo, uzi utatoka kwa mafungu.

Spuli ya pili iwe ya nailoni ya ratili 8, kilo 3.6 hivi. Nailoni inanyumbulika, inaelea karibu na juu, na inavumilia mawe zaidi. Ndiyo ya boya, ya mnyoo, ya trauti mwoga kwenye maji ya kioo, na ndiyo utakayomwekea mtoto au rafiki anayeshika fimbo kwa mara ya kwanza. Kama orodha yako ya hatua ya kwanza imejaa kambare na paiki kuliko trauti, badilisha: spuli ya pili iwe ya kusuka ya ratili 20, na uone kwanza kama fimbo yako imeandikwa kuukubali uzi wa nguvu hiyo.

Mbele ya uzi wa kusuka funga kipande cha fluorokaboni cha mita 1 hadi 1.5. Mwanga hupita humo karibu kama upitavyo majini, kwa kuwa kipimo chake cha kupinda mwanga ni 1.42 dhidi ya 1.33 ya maji, na kinazama. Beba roli tatu ndogo: ratili 6 kwa samaki waoga, ratili 10 kwa kila siku, ratili 20 kwa mawe na magogo. Roli zote tatu zinaingia kwenye mfuko wa shati.

Kwa samaki wa meno, fluorokaboni haitoshi. Paiki na jamaa wa Hydrocynus wanahitaji kipande cha waya, sentimita 20 hadi 30, chenye swiveli (kiungo kidogo kinachozunguka ili uzi usijisokote) upande mmoja na kibanio upande wa pili. Sijali kama waya unawashtua baadhi ya samaki. Samaki anayekata uzi anaondoka na ndoano mdomoni, na hilo ni baya kuliko kukosa.

Mafundo mawili yanatosha safari nzima. Kuunga uzi na kipande cha mbele, tumia uni maradufu: nyuzi mbili zilazwe kwa kukabiliana, kila moja ijifunge kitanzi juu ya mwenzake kwa mizunguko mitano au sita, uzi wa kusuka upewe minane, kisha uvute mafundo yakutane. Kufunga ndoano, tumia Palomar: kunja uzi, upitishe tundu la ndoano, funga fundo la kawaida, pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi, kaza. Yaloweshe mafundo kwa mate kabla ya kukaza, la sivyo joto la msuguano linaudhoofisha uzi papo hapo.

Mwisho wa kazi ya uzi ni kupima breki. Iweke kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi dhaifu kuliko yote kwenye mfumo wako. Kwa uzi wa kilo 4.5, hiyo ni kilo 1.1 hadi 1.5. Ile mizani ndogo ya kupimia masanduku ya ndege inafaa kabisa: ifunge kwenye uzi, vuta ukiwa umepinda fimbo, soma breki inapoachia. Wengi wakipima kwa mara ya kwanza hugundua walikuwa wameikaza mno.

Hatua ya 7: Kufunga na kusafiri

Fimbo iingie kwenye mfuko wa kitambaa wenye vyumba, ndipo iingie kwenye mkebe. Vipande vikigusana bila kitambaa, pete ya mmoja huukwaruza mwenzake, na kikwaruzo kidogo kwenye kaboni ndicho kinachokuja kuwa ufa. Rili itoe mkono, ivalishe soksi nene, iweke katikati ya nguo. Breki ilegeze.

Ndoano, visu na koleo viende kwenye begi la chini la ndege. Nchini Marekani, wakala wa usalama wa TSA huruhusu fimbo kwenye mizigo ya mkononi na ya chini, lakini huelekeza ndoano kubwa zifungwe vizuri na kuwekwa chini. Vipimo vya begi vinabaki uamuzi wa shirika la ndege. Soma masharti ya shirika lako, pamoja na lile la safari ya kurudi, ambalo huenda si lile lile.

Sheria za maji nazo hazibebeki kutoka nchi hadi nchi. Tafuta kibali kabla hujaunga fimbo. Iceland inataka vifaa vya uvuvi vilivyotumika nje vitakaswe kwa dawa kabla ya kuingizwa, na New Zealand ilipiga marufuku viatu vya uvuvi vyenye soli ya manyoya yaliyoshindiliwa mwaka 2008, ili kuzuia kusambaa kwa mwani vamizi wa didymo. Hata pasipo sheria, osha na kukausha kabisa kila kitu unapohama mto mmoja kwenda mwingine. Vimelea na mayai ya konokono husafiri kwenye kiatu chenye unyevu kwa urahisi ule ule unaosafiri wewe.

Hatua ya 8: Kuunga, kuvua, kukausha

Anza kuunga kutoka kwenye ncha kuja kwenye mpini. Ingiza kipande kikiwa kimegeuka robo ya mzunguko, kisha kisokote taratibu hadi pete zinyooke. Usokotaji huo ndio unaokaza. Ukivua, gusa maungio kila baada ya muda mfupi uone kama yamelegea. Fimbo nyingi za vipande huvunjika kwa sababu ungio lilitoka kidogo wakati wa kurusha na mwenyewe hakujua. Nta ya mshumaa, ikipakwa kidogo kwenye sehemu inayoingia, hupunguza tatizo hilo.

Usimwinue samaki kwa fimbo, na usiisimamishe wima samaki akiwa karibu na miguu yako. Hapo mpindo wote huhamia kwenye ncha. Shusha fimbo pembeni, mlete samaki kwenye wavu au mkononi. Ukinasa gogo, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye uzi, shika spuli, rudi nyuma. Na kaboni hupitisha umeme: ikiwa kuna nyaya juu ya ukingo, au ngurumo inasikika, ilaze chini.

Maungio yakikataa kutoka, usishike pete kama vishikio. Chuchumaa, pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika pande zote mbili za ungio, kisha panua magoti taratibu. Nguvu inakwenda moja kwa moja bila kupindisha.

Ukimaliza, futa fimbo na rili kwa kitambaa chenye maji safi, usizitumbukize. Tone moja la oili kwenye kigurudumu cha uzi, tone jingine kwenye shina la mkono wa rili, basi. Legeza breki kabisa ili diski zisibaki zimekandamizwa. Acha vipande vikae nje usiku mzima kabla ya kurudi kwenye mkebe, kwa sababu unyevu ukifungiwa humo huotesha ukungu kwenye koki na kuleta kutu kwenye miguu ya pete. Kisha kata mita mbili za mwisho za uzi, zile zilizosuguana na mawe. Vipande ulivyovikata virudishe kwenye begi hadi utakapopata pipa la taka, maana uzi ulioachwa ukingoni hunasa miguu ya ndege.